Shimo la Tatu Halikujaa

"Toka humo shimoni, Fundi Chandu, kabla sijasahau kwamba nimekuja kwa kazi ya serikali!"

Hapo ndipo tulipoishia Jumamosi iliyopita, na barua zenu nimezipata. Msomaji mmoja wa Chake Chake ananiuliza kwa hasira kwa nini nimemwacha mzee wa watu shimoni wiki nzima na baridi ile ya London. Wee bwana, mimi sikumtia. Shimo kalichimba mwenyewe, tena kwa mkono wake.

Nawe uliyechelewa kununua gazeti, shika haya upesi. Ni Ijumaa, Machi 1973, mtaa wa Walthamstow. Chandrakant, aliyekuwa fundi mkubwa wa majumba kule Tanga, amepata uwanja mdogo katikati ya safu ya nyumba za zamani, pengo lililoachwa na bomu la vita vya Mjerumani. Kibali cha kujenga kinakufa leo saa kumi na moja jioni. Asipopata kabla ya hapo karatasi ya kupimwa udongo, yenye sahihi ya mtu wa kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, nyumba hana tena. Na watu sita wa jamaa yake wanalala chumba kimoja kule Tooting, pamoja na mama yake wa miaka themanini, na mwenye chumba kawaambia mwisho wa mwezi watoke.

Haya, twende.

Chandrakant aliinua uso, masharubu yote udongo. Ukingoni kasimama mtu mweusi mrefu, koti la mvua, viatu vya mpira, fomu kwapani. Usoni hana hata chembe ya tabasamu.

"Nani wewe?" Chandrakant aliuliza. "Jina hilo la Fundi Chandu hapa London hakuna alijuaye."

"Msaidizi wa inspekta wa majengo. Nimeagizwa nikague mashimo matatu. Naona moja, nalo nusu. Mawili yako wapi?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Nimeyafukia."

Yule mtu alichutama polepole mpaka macho yao yakawa sawa.

"Barua ya kaunsili ilisemaje?"

"Nichimbe mashimo matatu, futi sita kwenda chini, udongo upimwe."

"Malizia."

"Yaachwe wazi mpaka mkaguzi afike."

"Nawe ukayafukia! Jana! Mashimo yote matatu! Unaficha nini humo?"

"Sikuficha! Nimepima! Kwetu ndivyo udongo unavyopimwa. Unachimba, halafu udongo uleule unaurudisha kabla jua halijazama. Ukibaki juu, ardhi imeshiba, unajenga. Ukipungua, ardhi ina njaa, unafunga vyombo unakwenda zako. Baba yangu alipima hivyo. Nikadhani kaunsili inataka nipime, mkaguzi aje kuona matokeo. Jana usiku mke wangu kairudia ile barua, kapiga ukelele. Tangu alfajiri nafukua."

Ni kweli tupu, msomaji. Kafika pale gizani na beleshi, mgongo unamwuma, na saa tatu ilipogonga shimo la kwanza lilikuwa limemfika mabegani tu.

Mkaguzi alicheka, kicheko kibaya. "Ardhi ina njaa! Nikaandike hivyo kwenye fomu?"

"Andika utakavyo. Wewe nani hata unijue jina la Tanga?"

"Ameir Msabaha."

"Simkumbuki Ameir."

"Utanikumbuka wapi? Mwenye nyumba ulimjua, mpangaji hukumjua. Mwaka wa sitini na nne nilikimbia Unguja na mamangu, tukaingia Tanga na nguo tulizovaa. Tukapanga Ngamiani, chumba cha uani, nyumba mpya, chokaa bado inanuka. Umeijenga wewe."

"Nimejenga nyumba nyingi Ngamiani."

"Hii unaijua. Ukuta wake uliporomoka masika ya sitini na sita."

Beleshi lilimponyoka Chandrakant. Akasema, "Bi Mwanamwema. Yule wa vitumbua."

"Usilitaje jina la mamangu na matope hayo mdomoni!" Ameir alipiga kelele hadi njiwa wakaruka kwenye paa. "Ukuta ule ulimwangukia, na siku tatu alikuwa hai mikononi mwangu kabla hajafa. Siku tatu! Nawe hukuja hata mlangoni."

Daksha, mke wa Chandrakant, alikuja mbio kutoka upande wa pili wa uwanja, sari imekunjwa magotini, viatu vya mpira vya mumewe miguuni. Huko Tanga alikuwa mwalimu wa shule, na hamwogopi mtu.

"Bwana mkubwa, ya Tanga ni ya Tanga. Hapa umekuja kupima au kulipiza?"

"Vyote viwili, mama, nikiweza." Ameir alijibu bila haya. "Nilipoliona jina lake ofisini nilimwomba inspekta, hii niachie mimi. Lakini usiogope. Sitasema uongo juu ya udongo. Ukiwa mzuri nitasema mzuri, hata kama utanichoma. Ukiwa mbaya, wallahi, hapa halisimami hata banda la kuku."

"Basi tupe muda."

"Mna mpaka saa kumi. Baada ya hapo narudi ofisini kugonga muhuri, au siendi kugonga kitu. Chimbeni."

Akageuza ndoo juu chini, akaikalia, akafungua chupa yake ya chai. Hakumkaribisha mtu.

Na kama adui mmoja hatoshi, dirisha la nyumba ya jirani likafunguka. Naam, Margaret! Wengi mnamchukia kuliko ninavyomchukia mimi. Mwanamke wa miaka hamsini, vibano kichwani, sigara mdomoni, na nyumba yake inapakana na uwanja ukuta kwa ukuta.

"Bado wako hapa hawa?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha mtaani. "Nina sahihi arobaini na moja za majirani! Kibali kikifa leo hakifufuki, nawaambia!"

"Habari za asubuhi," alisema Ameir. "Mimi ni wa kaunsili."

Margaret alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Wewe? Mungu wangu. Sasa wanaletwa kukaguana wao kwa wao." Kisha akanyoosha kidole kwenye pembe ya uwanja iliyo karibu na ukuta wake, pale lilipofukiwa shimo la tatu. "Na pale msiguse. Nimekwisha kusema mara mia. Pale hapajengwi!"

"Kwa nini hapajengwi?" Ameir aliuliza.

Dirisha likafungwa kwa kishindo.

Kazi ikaanza. Chandrakant la kwanza, Daksha la pili. Mvua nyembamba ikaanza nayo, zile za London zisizo na haya wala mwisho. Udongo ulikuwa wa mfinyanzi, mzito, unang'ang'ania beleshi. Saa saba Ameir alitandaza koti lake pembeni akasali, akarudi kwenye ndoo.

"Ijumaa yangu nimeikosa msikitini kwa ajili yako," alimwambia Chandrakant. "Hilo nalo sitalisahau."

"Hakuna lolote utakalosahau wewe," alifoka Chandrakant kutoka shimoni.

"Sasa umenijua."

Saa nane na nusu mashimo mawili yalikuwa wazi, futi sita kamili. Ameir akashuka kwa ngazi na rula yake. Alikata kipande cha udongo ukutani kwa kisu, akakifinyanga kwa vidole, akakivuta kama unga wa chapati, akakinusa. Akajaza chupa mbili za kupeleka maabara. Alikaa shimoni muda mrefu mpaka Daksha akaanza kuuma ukucha.

Alipotoka alikuwa amenuna zaidi ya alivyoingia.

"Udongo mzuri," alisema. "Mgumu, mkavu chini, hauna kifusi. Natamani ungekuwa mbovu."

"Na la tatu?" aliuliza Daksha.

"La tatu liliwekwa kwa hiari ya ofisi. Kwa nyumba ya ukubwa huu mawili yanatosha, na saa inakimbia. Sitaki kesho mkasema Ameir kawaonea."

Akatoa kalamu. Akaifunika fomu kwa koti isilowe. Akaandika jina, tarehe, akatia sahihi. Haya, msomaji, mnaona? Saa tisa kasoro robo, na nyumba imepatikana! Daksha alishika mdomo kuzuia kilio cha furaha.

"Chukua," Ameir alisema, mkono umenyooka, uso ameugeuza pembeni. "Chukua kabla sijajuta."

Chandrakant hakuchukua.

"Chukua!" Daksha alimnong'oneza kwa Kigujarati. "Unangoja nini?"

"Ba atalala wapi?" Chandrakant aliuliza, kwa Kigujarati vilevile. Ba ndiye mama yake.

"Chumba cha nyuma. Tumekwisha kukubaliana."

"Chumba cha nyuma kiko juu ya shimo la tatu."

"Nyamaza, nakuomba. Nakuomba kwa roho za watoto wangu, nyamaza."

Sasa nitawaambia jambo ambalo Daksha alilijua tangu jana, na mimi nimewaficha makusudi. Jana magharibi walipofukia, shimo la kwanza lilibakisha lundo la udongo. La pili likabakisha. La tatu wakarudisha udongo wote, wakafagia mpaka punje ya mwisho, na bado likabaki pengo la shubiri mbili. Wakatazamana. Kisha Chandrakant akachota kwenye lundo la shimo la pili, akajazia, akakanyaga kwa miguu yake miwili mpaka pakawa sawasawa.

"Mnasemezana nini?" Ameir aliuliza kwa ukali. "Nimewapa mnachotaka. Mnataka na muziki?"

"Shimo la tatu halikujaa," alisema Chandrakant kwa Kiswahili.

Daksha alikaa chini palepale kwenye matope.

"Sema tena."

"Halikujaa. Lilipungua shubiri mbili. Nimelijazia udongo wa pengine ili usijue. Chini yake kuna kitu, au hakuna kitu. Mimi sijui. Lakini udongo umekwenda mahali."

Ameir aliirudisha ile fomu kifuani polepole, mfuko wa ndani wa koti.

"Na la Ngamiani?"

"Ameir..."

"Nakuuliza la Ngamiani! Ulipima kule?"

"Nilipima."

"Likajaa?"

Chandrakant alitikisa kichwa. "Halikujaa. Tajiri alisema tujenge tu, mvua zinakaribia. Nikajenga. Nilikuja mlangoni kwenu siku ile ya pili, nikasikia mama anavyolia ndani, nikarudi. Niliogopa. Tangu hapo sijajenga nyumba juu ya shimo lisilojaa, na baba yangu marehemu anajua."

Mimi ningetarajia kofi. Chandrakant naye alilitarajia, maana alifumba macho. Ameir hakumpiga. Alimtemea mate miguuni, akaokota beleshi, akamtupia kifuani.

"Fukua la tatu."

"Ukiliona bovu utanyima?"

"Likiwa bovu naichana hii karatasi mbele ya macho yako, na mkeo, na huyo mama wa dirishani. Fukua!"

"Umetuua," Daksha alimwambia mumewe. Akasema tena kwa Kiswahili ili hata adui asikie. "Umetuua sisi ili ulale vizuri."

Chandrakant akafukua. Udongo ulikuwa bado laini, ukatoka upesi, akaurundika ukingoni upande mmoja bila hata kutazama anakotupa. Fundi aliyefanya kazi miaka thelathini, na anajua fika udongo haurundikwi ukingoni mwa shimo! Lakini hasira na haya vilikwisha kumvuruga. Mvua ikawa inalilowesha lile lundo.

Saa kumi kamili alifika futi sita. Kule juu dirisha la Margaret lilifunguka tena.

"Nimesema hapo msiguse!" Safari hii hakuwa na sigara, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Acheni! Acheni hapo nitaita polisi!"

"Waite," Ameir alimjibu bila kumtazama. "Wewe Chandu, toka. Naingia mwenyewe. Sikuamini hata kwa shubiri moja."

Akashuka na mtaimbo mkononi. Akagonga chini mara moja. Ukarudi mlio wa wazi, mlio wa pipa tupu. Akagonga ya pili, karibu na ukuta wa Margaret. Akainua uso kumtazama Chandrakant, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na chuki usoni, alikuwa na mshangao tu.

"Yakhe, humu chini mna..."

Sakafu ya shimo ikafunguka.

Ameir alizama mpaka kwapani. Mtaimbo ukaanguka chini, ukalia kwenye matofali mbali kabisa. Alishika ukingo wa lile tundu kwa viwiko, miguu inaning'inia hewani.

"Amemsukuma!" Margaret alipiga yowe. "Nimemwona kwa macho yangu! Yule Mhindi kamsukuma!"

Chandrakant hakuwa hata karibu naye! Lakini nani atamsikiliza Chandrakant?

Aliruka shimoni, akalala kifudifudi, akanyoosha mkono. "Nishike!"

"Mkono wako siutaki!"

"Ameir, nishike!"

"Bora nianguke!"

Tofali moja likamtoka chini ya kiwiko. "Nishike basi, mshenzi wewe, nishike!" Ameir akapiga kelele, na vidole vyao vikakutana, vikateleza kwa matope, vikakutana tena. Chandrakant alimpata mkono. Alimpata kweli, na akaanza kuvuta.

Lile lundo la udongo ukingoni likasogea.

Daksha ndiye aliyeliona. Alipiga ukelele kwa lugha zote anazozijua. Lundo lote likaporomoka kwa pamoja, zito, limelowa maji, likawaangukia wale wawili na kuwapeleka chini. Haikuchukua muda wa kuhesabu mpaka tano. Kisha kukawa kimya, na shimo la tatu lilikuwa limejaa mpaka ukingoni.

Mabeleshi yote mawili hayaonekani. Daksha alikimbia mpaka kwenye uzio. Margaret alikuwa ameshuka, kasimama mlangoni pa uani, mkono shingoni.

"Piga simu! Nipe beleshi! Nipe chochote!"

"Ni stoo ya makaa," Margaret alisema. Uso umemgeuka kama chokaa. "Ya zamani. Inapita chini ya uwanja mpaka chini ya nyumba yangu. Wamo stoo."

Daksha alimkodolea macho. "Unaijua? Siku zote hizi unaijua?"

"Mlango wake uko kwangu. Chini ya ngazi."

"Basi ufungue! Kuna watu wawili mle! Mmoja ni wa kaunsili!"

"Ndiyo," Margaret alisema. "Wa kaunsili." Aliutazama ukuta wa nyumba yake kutoka chini mpaka juu. "Akiona kwamba nyumba yangu imekaa juu ya uwazi, hakuna mtu atakayeniacha nikae humu hata usiku mmoja. Watanibomolea. Nimezaliwa humu mimi. Unadhani zile sahihi nilizikusanya kwa sababu gani?"

"Margaret, nakuomba! Nakupigia magoti!"

Margaret alirudi ndani. Daksha alisikia komeo likifungwa.

Saa kumi na nusu. Daksha alirudi shimoni akaanza kuchimba kwa mikono, bangili zinavunjika moja moja. Alikuwa amefika viwiko aliposikia sauti. Haikutoka chini yake. Ilitoka nyuma ya ukuta wa jirani, ndani, kwa chini. Mtu alikuwa anagonga mlango.

Aligonga mara tatu, akapumzika, akagonga tena mara tatu. Mtu mmoja tu.

Ndani ya nyumba, Margaret aliongeza sauti ya redio.